Uliza Fundi wa Mawimbi: Ujumbe Uliokataa Kufutika

Toleo lililopita niliandika aya chache kuhusu jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi yangu: kwamba hesabu tunazotumia kupanga minara ya simu, zile alizotuachia mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon mwaka 1948, zinaeleza pia jinsi seli za mwili zinavyopashana habari kwa molekuli. Barua zimekuja nyingi na nimechagua tano. Naanza na ya mzee wangu wa Misungwi, maana huko watu bado wanapulizia pamba na jambo lake halifai kungoja zamu.

*Mwangaluka, binti yangu. Mimi ni mkulima wa pamba. Mwezi uliopita nilipulizia dawa kutwa, na upepo ulikuwa unanirudishia. Jioni mate yakanijaa mdomoni, jasho likanitoka bila kazi, macho yakaona ukungu, na nyama za mapaja zikawa zinachezacheza zenyewe. Hospitali walinichoma sindano nikapata nafuu. Daktari kijana akaniambia, "Mzee, dawa imevuruga mawasiliano ya mwili wako." Alikuwa na maana gani? Mimi najua mawasiliano ni simu.*
Mkulima, Misungwi

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Nashukuru Mungu walikuwahi.

Daktari alisema kweli tupu. Neva ikitaka msuli ujikunje, haiugusi. Kati ya ncha ya neva na msuli kuna mwanya wa nanomita 50 hivi, na unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo waweza kukisia udogo wake. Neva humwaga kwenye mwanya huo molekuli za asetilikolini. Zinasambaa, zinafika ng'ambo, zinanasa kwenye vipokezi vya msuli, na msuli unajikunja. Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Bado. Molekuli zile zikikaa palepale, msuli utaendelea kuisoma amri ileile, na amri mpya ikija haitasomeka, kama maandishi juu ya ubao wa darasa ambao haukufutwa. Ndiyo maana mwanya ule umewekewa kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja asetilikolini tu. Kimoja huvunja maelfu ya molekuli kwa sekunde moja, na mwanya unakuwa safi ndani ya milisekunde chache, tayari kwa amri inayofuata.

Sasa dawa nyingi za wadudu ni za kundi la organofosfeti. Hizo huenda moja kwa moja kwenye kile kimeng'enya na kukikamata. Mtumaji ni mzima, mpokeaji ni mzima, ila mfutaji amefungwa mikono. Asetilikolini ndiyo pia inayoamuru tezi za mate na za jasho, na kukaza mboni za macho, kwa hiyo amri zote hizo zikaendelea kusomwa kwa pamoja: mate, jasho, ukungu. Nyama zilizokuwa zinachezacheza ni misuli iliyokuwa inasoma amri za zamani. Baada ya kucheza misuli huchoka na kulegea, na ikilegea ile ya kupumulia mtu hufa. Ndiyo sababu nimetanguliza barua yako.

Sindano inayotumika sana kwa hali hiyo ni atropini. Yenyewe haifuti kitu. Inakwenda kukaa kwenye vipokezi vya tezi, moyo na mapafu ili visiendelee kusoma, na hivyo kumpa mgonjwa muda. Ipo dawa nyingine, pralidoksimu, inayoweza kukifungua kimeng'enya kilichokamatwa, lakini ikicheleweshwa inakuta kimeshafungwa moja kwa moja, na mwili unalazimika kutengeneza kipya. Kwa hiyo, mzee wangu, ukimwona mwenzio ana mate na jasho baada ya kupulizia, usimpe maziwa wala usingoje asubuhi. Mvue nguo, muogeshe kwa sabuni na maji mengi, huku wewe mwenyewe ukijikinga mikono, kisha mkimbizeni hospitali pamoja na chupa ya dawa yenyewe ili daktari asome lebo. Jina la kiambato likiishia na "fos", kwa mfano profenofos, ujue ni kundi hilo.

Zile za ukoo wa pareto zinavuruga kwa njia nyingine. Zinaacha wazi vilango vya umeme kwenye neva yenyewe, hivyo mtumaji ndiye anayeshindwa kunyamaza. Nazo si za kuchezea. Puliza mapema upepo ukiwa mdogo, tembea upepo ukiwa mgongoni kwako, na nguo ulizopulizia usiingie nazo ndani kwa wajukuu.

*Shikamoo mama. Nina duka la dawa muhimu. Mtoto wa jirani alipimwa zahanati akakutwa na malaria. Wakanunua dawa ya mseto kwangu, akamaliza dozi, homa ikaisha. Siku kumi baadaye alipata mafua, wakampima tena kwa kile kipimo cha haraka cha kidole, mstari ukatokea. Sasa mama yake anatangaza mtaani kwamba nauza dawa feki. Nimeishiwa maneno.*
Mwenye duka, Sengerema

Marahaba mwanangu. Barua yako imeniuma, kwa sababu jina la mwenye duka likishaharibika mtaani kulisafisha ni kazi kubwa. Nitaeleza kwa urefu ili umsomee huyo mama.

Niliwahi kuketi na mhudumu wa maabara kwa muda mrefu nikikitazama kipimo hicho kinavyofanya kazi, na nakushauri siku moja ukitazame kwa makini. Tone la damu linaingia kwenye kijishimo, matone ya kimiminika yanafuata, halafu uwekundu hafifu unapanda polepole kwenye ule ukanda mweupe, unapita, na nyuma yake ukanda unarudi kuwa mweupe. Mstari wa C unajichora kwanza, mwembamba. Kisha, kama upo, unaanza mwingine, mara nyingine hafifu kiasi kwamba inabidi ukigeuzegeuze kwenye mwanga wa dirisha.

Wekundu wa mistari hiyo si damu. Katika vipimo vingi ni dhahabu, dhahabu kweli, iliyosagika hadi chembe za nanomita 40 hivi. Kwa udogo huo dhahabu haing'ai njano, inaonekana nyekundu. Kila chembe imevikwa kingamwili zinazoitambua protini moja inayotolewa na kimelea cha malaria, iitwayo HRP2. Protini ikiwapo katika damu, chembe za dhahabu zinainasa na kusafiri nayo hadi kwenye mstari ambako kingamwili nyingine zimegandishwa zikiisubiri. Zinakwama hapo kwa wingi, na jicho linaona wekundu. Mstari wa C wenyewe unazinasa chembe hata zisipobeba chochote, kuthibitisha kwamba njia imepitika. C isipotokea, kipimo hicho ni cha kutupa, hata mstari mwingine useme nini.

Katika lugha ya kazi yangu, kimelea ni mtumaji asiyejua kwamba anatuma, HRP2 ni ujumbe, damu ni njia, na dhahabu ni redio ya kupokelea. Tatizo lenu liko kwenye njia. Dawa ya mseto inaua vimelea ndani ya siku chache, lakini HRP2 waliyoiacha haivunjwi upesi. Mwili hauna mfutaji wa haraka wa protini hiyo kama ule wa mzee wetu wa Misungwi. Inabaki katika damu wiki mbili, mwezi, wakati mwingine zaidi, na kipimo kinaendelea kuisoma. Mstari ule ulikuwa sahihi kuhusu protini. Kuhusu vimelea hai, siku ya kumi baada ya matibabu, haukuwa na uwezo wa kusema chochote.

Ndiyo maana kipimo cha aina hiyo hakitumiki kuangalia kama dawa imefanya kazi. Kinachotakiwa ni hadubini: mtaalamu anapaka damu kwenye kioo, anaitia rangi, na kuwatafuta vimelea wenyewe. Mwambie mama ampeleke mtoto kwenye kituo chenye maabara ya hadubini, tena asichelewe, kwa sababu mtoto anaweza kweli kuambukizwa upya na hilo nalo halipuuzwi. Na wewe tunza risiti na makasha ya dawa ulizouza.

Nikiwa hapo nitaje na upande wa pili wa shida hii, maana unanikosesha usingizi zaidi. Mwaka 2010 wanasayansi walitoa taarifa kutoka Peru ya vimelea vya malaria vilivyopoteza jeni ya HRP2. Mgonjwa anaumwa, na kipimo kinasema hana. Vimelea hivyo baadaye vikaonekana Afrika pia, hasa Eritrea na Ethiopia. Huko mtumaji ameacha kutuma, na redio nzuri kiasi gani haitamsikia. Kwa hiyo mteja mwenye homa kali na dalili zote, hata kipimo kikisema hakuna, usimrudishe nyumbani na panadoli. Mpeleke mbele.

*Shikamoo mama fundi. Niko kidato cha sita, nasoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwalimu wetu anasema nadharia ya Shannon ni ya simu na telegrafu tu. Je, ina haki gani ya kuingia kwenye biolojia? Na ujumbe wa molekuli unakwenda kwa kasi gani? Naomba namba.*
Mwanafunzi, Bwiru

Marahaba! Mheshimu mwalimu wako, na umpelekee haya kwa adabu. Shannon mwenyewe aliandika tasnifu yake ya udaktari pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1940 kuhusu hesabu za urithi wa jeni, miaka minane kabla ya ile kazi ya mawasiliano. Na nadharia yake haiulizi ujumbe umebebwa na nini. Inauliza mtumaji alikuwa na chaguzi ngapi, njia ina kelele kiasi gani, na mpokeaji anaweza kutofautisha mangapi. Waya, mawimbi, sukari, homoni, vyote vinajibu maswali hayo.

Namba sasa. Molekuli ikisambaa yenyewe katika maji yaliyotulia, muda unakua kwa mraba wa umbali. Chukua umbali, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara mbili ya kizio cha msambao, ambacho kwa molekuli ndogo ni kama 10⁻⁹ mita za mraba kwa sekunde. Mikromita moja, ukubwa wa bakteria, inachukua nusu milisekunde. Milimita moja, dakika nane hivi. Sentimita moja, saa 14. Mita moja, takriban miaka 16. Rudia hesabu hizo mwenyewe kwenye daftari, ndipo utaona kwa nini neva huacha mwanya wa nanomita tu na kwa nini kiumbe mkubwa hawezi kuishi bila mzunguko wa damu. Damu huzunguka mwili mzima kwa dakika moja hivi. Harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni nayo inakufikia barabarani kwa sababu ya upepo. Ingetegemea kusambaa tu usingeisikia.

Kuna njia ya tatu inayonifurahisha mno. Ndani ya neva ndefu, kama ile itokayo uti wa mgongo hadi kidole cha mguu, mizigo hubebwa na protini iitwayo kinesini, inayotembea juu ya nyuzi kwa hatua za nanomita 8. Usafiri huo hufikia milimita 400 kwa siku ukienda kasi, kwa hiyo mita moja ni siku kadhaa za kutembea.

Na kiasi cha habari? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima njia moja ya ishara ndani ya seli, ile inayoitikia protini ya uvimbe iitwayo TNF, wakakuta seli moja inapata karibu biti moja tu. Yaani seli inajua "ipo" au "haipo", na si zaidi sana. Kelele ndani ya seli ni kubwa hivyo. Mwili unapona kwa kuuliza seli nyingi kwa pamoja.

Ukitaka jaribio unaloweza kulielewa bila maabara ya gharama, tafuta kuhusu Andrew Eckford wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, na wenzake Nariman Farsad na Weisi Guo. Mwaka 2013 walituma maneno "O Canada" kwa mvuke wa spiriti: kipuliziaji upande mmoja, feni nyuma yake, kihisi cha spiriti upande wa pili mita chache mbele. Puliza ni moja, kutopuliza ni sifuri. Herufi zilifika, lakini taratibu sana, kwa sababu baada ya kila mpulizo spiriti hubaki hewani na kihisi kinaendelea kuisoma. Unaiona? Ni shida ileile ya mzee wa Misungwi na ya mwenye duka wa Sengerema. Baadaye Farsad, akiwa Stanford, alitumia asidi na besi: siki kwa tarakimu moja, dawa ya kusafishia vioo kwa nyingine. Kila kemikali inayokuja inaifuta iliyotangulia, na ujumbe ukaenda kasi zaidi.

Sisi wa minara tunayajua mabaki ya ujumbe. Redio inayovuka ziwa kwenda kisiwani hupokea mawimbi mara mbili: yaliyokuja moja kwa moja, na yaliyogonga uso wa maji yakachelewa kidogo. Asubuhi ziwa likiwa shwari ndipo maji yanaakisi vizuri, na nakala hizo mbili zikikutana vibaya zinauana, simu za kisiwani zinakatika katika hali ya hewa nzuri kabisa. Tunafunga sahani ya pili juu ya ile ya kwanza, ili nakala zikiuana huku zisiuane kule. Siku niliposoma kwamba seli nazo zinapambana na mabaki, nilihisi nimekutana na ndugu wa damu.

*Mama, habari za kazi. Nina ujauzito na naogopa chanjo. Mtaani wanasema zina chipu ndogo inayotuma habari kwenye minara. Wewe unafanya kazi ya minara, niambie ukweli.*
Mama mtarajiwa, Nyakato

Nzuri mwanangu, na hongera. Ukweli ni kwamba haiwezekani. Antena lazima ilingane kwa kiasi na urefu wa wimbi. Wimbi la simu la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi. Antena ya kawaida yenye urefu wa mikromita moja ingefanya kazi kwenye terahezi 150 hivi, ambayo tayari ni mwanga, na mnara hausikii mwanga. Halafu ingehitaji umeme wa kufikisha ishara kilomita nzima, na hakuna betri ya kupita kwenye sindano yenye nguvu hiyo. Wanasayansi wanaotafuta antena ndogo, kwa mfano za grafini, aina ya kaboni nyembamba mno, wanahangaika na umbali wa milimita, maana maji ya mwilini hunyonya mawimbi hayo vibaya sana. Ugumu huo ndio uliowasukuma kurudi kwenye molekuli. Chanjo ya pepopunda wakati wa ujauzito inakulinda wewe na mtoto. Nenda kliniki.

*Fundi, salaam kutoka kambini. Kipindupindu kimetutembelea mara mbili huku visiwani. Nimesikia redioni kwamba bakteria wake wanaongea. Kama wanaongea, wanasema nini? Na je, ni kweli wakishakuwa wengi huacha wenyewe?*
Mvuvi, Ukerewe

Waalaikum salaam ndugu yangu. Wanahesabiana. Kila bakteria hutoa molekuli kidogo kidogo. Wakiwa wachache, molekuli zinapotelea majini. Wakiwa wengi mahali pamoja zinajaa, na kila mmoja akizihisi zimezidi kiwango fulani anajua kundi limekuwa kubwa, wote wanabadili tabia kwa pamoja. Kenneth Nealson na Woodland Hastings waliliona jambo hili mwaka 1970 kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga: wachache hawawaki, wakijaa wanawaka. Bonnie Bassler wa Princeton ameendelea kuonyesha kwamba jamii mbalimbali za bakteria hutumia mbinu hiyo, na zina hata molekuli za kusikilizana wao kwa wao.

Bakteria wa kipindupindu ana tabia ya kinyume na wengi. Akiwa mchache ndipo anapojishikiza kwenye utumbo na kutoa sumu inayoharisha. Akihisi wenzake wamejaa, anapunguza sumu, anajibandua na kutoka. Kwa hiyo ulichosikia kina chembe ya kweli. Watafiti Faping Duan na John March wa Cornell waliitumia mwaka 2010: walichukua bakteria wa tumboni wasio na madhara, wakawapa uwezo wa kutoa molekuli ya kipindupindu ya "tumeshakuwa wengi", wakawalisha watoto wa panya kabla ya kuwaambukiza. Wengi wa panya hao walinusurika. Wavamizi waliingia wakasoma ujumbe wa uongo kwamba kazi imekwisha. Ni kazi ya maabara bado, si dawa ya kununua.

Lakini kuwaacha wajae, hapana, ndugu yangu, hapana kabisa. Wanapoacha kwa mmoja ni kwa sababu wanatoka kwenda kwa mwingine, na mgonjwa anaweza kufa kwa kukauka maji ndani ya saa chache kabla hawajaacha. Tena wanaotoka punde kwenye kinyesi huwa wakali zaidi wa kuambukiza kwa saa kadhaa kuliko waliokaa majini muda mrefu. Kwa hiyo choo cha kambi kiwe mbali na mnapochota, na msichote ufukweni mnapooshea mitumbwi. Maji ya kunywa yachemke, au mtie dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye paketi na kusubiri nusu saa kabla ya kunywa. Akianza mtu kuharisha majimaji, aanze ORS palepale, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, anywe njiani ndani ya mtumbwi mkimpeleka zahanati, na msimsubirishe hadi wavuvi warudi alfajiri.